Varsenik na Mayai Elfu Arobaini ya Ishkhan

Mama mkwe wangu Varsenik alikuwa na tabia moja iliyonitia aibu sana nilipoolewa. Mgeni yeyote akimwuliza anafanya kazi gani, hata kama mgeni mwenyewe ni yule msoma mita ya umeme, hakujibu "niko kituo cha samaki" kama walivyojibu wenzake. Alijifuta mikono kwenye aproni, akanyoosha mgongo, akasema, "Mimi ni mkunga wa watawala."

Mgeni akicheka, yeye humtazama tu bila kucheka, mpaka kicheko cha mwenzake kikwame mdomoni.

Samaki wetu anaitwa ishkhan, na katika lugha yetu jina hilo ni mtawala. Ni trauti wa rangi ya fedha mwenye madoa meusi machache, na asili yake ni ziwa hili moja tu, Sevan, na mito inayoingia humo. Varsenik aliingia kituo cha kutotolesha vifaranga vya samaki akiwa na miaka kumi na tisa, akapewa ufagio. Alipofika ishirini na mbili, mwanamke aliyekuwa akikamua mayai akaumwa mgongo, wakamwita Varsenik ashike samaki kwa muda tu. Huo muda tu ulidumu miaka arobaini na tisa.

Mimi nilitoka bondeni, chini ya mlima Ararati, kwenye watu wa zabibu na aprikoti. Nilipofika hapa mwaka 1991 sikujua baridi ni nini, wala sikujua kwamba mtu anaweza kumpenda samaki. Mwezi mmoja baada ya harusi alinipeleka kituoni nikamtazame akifanya kazi. Alitia mikono ndani ya beseni, mikono myekundu kama bitiruti, akamtoa jike mmoja wa kilo mbili, akamfunika kichwa kwa kitambaa kibichi. Kisha akapitisha kidole gumba tumboni, polepole, kuelekea mkiani. Mayai yakamwagika bakulini kwa mkondo mmoja, ya rangi ya chungwa, ileile ya aprikoti za kwetu zilizoiva. Akamkamua na dume juu yake, matone machache meupe, akakoroga kwa unyoya wa bata bukini.

"Haya, bibi wee, umemaliza, nenda kapumzike," akamwambia yule jike, akamrudisha majini. Halafu akanigeukia. "Umeona? Dakika moja. Ukikaa na samaki wangu mkononi dakika mbili, nakutoa nje kwa masikio."

"Mama, kwani mimi nimeomba kumshika?"

"Utaomba," akasema.

Mwaka uliofuata mume wangu, Gegham, alikwenda Urusi kutafuta kazi ya ujenzi, kama wanaume wengi wa huku. Nikabaki na mama yake, ng'ombe mmoja, na kondoo wawili. Nilikuwa na mimba changa. Ndipo ikaja ile baridi ya tisini na mbili, ambayo sisi tulioiishi hatuhitaji kuitaja kwa jina. Kulikuwa na vita, mipaka imefungwa, gesi imekatika. Umeme ulikuwa unakuja saa moja kwa siku, kisha nusu saa, kisha taa zikawa mapambo tu. Watu walikata miti ya barabarani, wakamaliza, wakaingia kwenye ua, wakamaliza, wakaanza kutazama viti vyao. Sisi tulichoma samadi kavu ya ng'ombe na tukaishi chumba kimoja.

Mwezi wa Novemba, kabla mambo hayajaharibika kabisa, Varsenik alikuwa ameshakamua majike ishirini na tatu. Mayai elfu arobaini na zaidi yalikuwa yamelala kwenye trei ndani ya jengo la kutotolea, maji baridi yakipita juu yake. Maji hayo yalitoka chemchemi iliyo chini ya mteremko, ngazi sitini kutoka jengoni, na yalipandishwa kwa pampu ya umeme. Mnajua basi kilichotokea.

Ingekuwa rahisi kuyabeba mayai kuyapeleka chini kwenye chemchemi. Lakini yai la trauti likishapata siku chache halitaki kuguswa mpaka macho yaonekane ndani yake, vidoa viwili vyeusi. Ukilitikisa kabla ya hapo, linakufa. Na macho hayakutarajiwa kabla ya mwaka mpya. Kwa hiyo yale mayai yalikuwa hayaendi kokote. Maji ndiyo yalipaswa kwenda kwao, na cha kuyapelekea kilikuwa ndoo.

Wafanyakazi walikuwa watano. Mishahara iliposimama, wanne walibaki nyumbani, na siwalaumu. Varsenik alibaki. Alipunguza bomba la tangi lililokuwa juu ya trei mpaka maji yakawa yanatoka kama uzi, akaweka beseni mwisho wa mfereji wa trei, na maji yaliyojaa beseni aliyachota akayamimina tena juu kutoka mahali pa juu sana, ili yaingie hewa. Ndoo mpya za chemchemi alizipandisha kila alipoweza. Nyumbani alikuja kula tu, viatu vyake vimeganda vikawa vigumu kama mbao.

Siku ya tano alikuja Mushegh, mkuu wa kituo, kwa miguu kutoka mjini. Mimi nilikuwa nimempelekea Varsenik viazi vya moto, nikayasikia yote.

"Dada Varsenik," akasema, hata kofia hakuvua, "funga mlango uende nyumbani. Nimeshaandika ripoti."

"Ripoti gani?"

"Kwamba mayai yamekufa kwa kukosa maji."

"Yamekufa lini?"

"Usinifanyie hivyo. Umeme haurudi. Yasipokufa leo yatakufa kesho."

"Hebu njoo." Alimshika mkono wa koti akamvuta mpaka kwenye trei. "Nionyeshe yaliyokufa."

Mushegh aliinama. Alikuwa mtu aliyesoma, na alijua kabisa anachokitazama. Yai lililokufa huwa jeupe kama chokaa. "Haya hapa," akasema. "Matatu. Na lile pale, nne."

"Hayo manne nitayatoa sasa hivi. Na hayo mengine elfu arobaini umeyazika ukiwa wapi, mezani?"

Mushegh akajiinua kutoka kwenye trei. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na wale samaki wazazi bwawani, sina mlinzi wa kuwalinda. Watu wana njaa. Kikitokea kitu, mimi sijaona, sijasikia."

"Asante kwa kuniambia," Varsenik akasema. "Sasa toka, unanizibia mwanga."

Maneno ya mkuu yalishuka kijijini upesi kuliko yeye mwenyewe. Samaki wazazi walikuwa arobaini na mmoja, kwenye bwawa lililojazwa na mkondo wa mlimani usiohitaji pampu. Mchana wa siku ya pili akatokea jirani yetu Avetis, dereva wa trekta, na wenzake wawili, na wavu begani. Varsenik alikuwa anapanda mteremko na ndoo mbili.

"Avetis, huo wavu wa nini?"

"Wa kuvulia samaki, dada. Kwani nyie hapa mnavulia kofia?"

Wenzake wakacheka.

"Umekuwa mvuvi tangu lini?"

"Tangu dizeli iishe. Dada, sikiliza. Ziwa limeganda ukingoni, mashua haitoki. Nyumbani nina midomo saba. Na humu kuna samaki arobaini, wanono, wanazunguka kama wastaafu bustanini. Mkuu wako mwenyewe kasema hataona."

"Yeye hataona. Mimi naona."

"Basi fumba macho."

Varsenik akaweka ndoo chini. Mimi niliyekuwa mlangoni nilidhani atamrukia, maana nilikuwa nimeshamwona akimfukuza fahali wa mtu kwa koleo. Lakini alimtazama tu Avetis kwa muda, akamtazama vizuri, mashavu yaliyoingia ndani na lile koti lililokuwa likimbana zamani.

"Midomo saba," akasema. "Nifuate."

"Wapi?"

"Kwangu. Na wavu uache hapo, hakuna wa kukuibia."

Wakapanda mpaka zizini kwetu. Akafungua kamba ya kondoo mkubwa, yule tuliyekuwa tumemweka kwa ajili yangu nitakapojifungua, akamtia Avetis kamba mkononi.

"Huyu ana nyama kuliko samaki kumi. Chinja, mpe mama yako supu. Lakini nikikuona tena bwawani na wavu, naapa kwa kaburi la mume wangu, nitakuvisha kichwani."

Avetis akawa mwekundu mpaka shingoni. "Dada, mimi sikuja kuomba."

"Najua. Ulikuja kuiba. Nimekupunguzia kazi."

Wale wawili wakatazama viatu vyao. Avetis akageuka akaenda na kondoo.

Mimi nilikuwa na maneno mengi. Alipoingia ndani tu nikamwanzia, na mpaka leo nayakumbuka yote, kwa bahati mbaya.

"Mama, yule kondoo alikuwa wangu. Nina mimba ya miezi mitano. Mjukuu wako yumo humu ndani, anakula kabichi ya chumvi na viazi. Ungempa samaki mmoja! Mmoja tu! Tena ungeniletea na mimi mmoja, nani angejua?"

Varsenik aliketi kwenye benchi akaanza kuvua viatu. Ilimchukua muda, kamba zilikuwa zimeganda. Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza.

"Nilipokuwa mtoto walikuwa aina nne," akasema. "Huyu wa kwetu anayepanda mtoni. Yule wa kiangazi. Yule mdogo. Na yule wa majira ya baridi, mkubwa kuliko wote, aliyetaga humohumo ziwani kwenye mawe. Wakaja wakapunguza maji ya ziwa kwa ajili ya mitambo na mashamba. Mawe yakabaki nchi kavu. Mwaka mmoja wavuvi wakaniletea jike wa majira ya baridi, tumbo limejaa. Nikamweka tangini. Tukatafuta dume. Walitoka siku kumi na moja, mashua tatu. Ziwa zima, Siranush. Ziwa zima hapakuwa na dume hata mmoja."

"Ikawaje?"

"Mayai yakamharibikia tumboni. Nilikuwa nimemshika mimi, kwa mikono hii. Nilikuwa na bakuli tayari, nina unyoya tayari, na sina la kufanya. Baada ya hapo hatukuletewa mwingine." Akaweka viatu karibu na jiko. "Mimi siwezi kumshika wa mwisho mara ya pili. Nitakutafutia nyama, maumivu yako niyabebe mimi, lakini siyo hiyo."

Na kweli alitafuta. Asubuhi alikwenda kwa kaka yake, kijiji cha tatu kutoka hapa, ambaye hakuwa akizungumza naye kwa miaka sita kwa sababu ya ukuta wa shamba. Alikwenda akaomba. Mtu aliyewajua wote wawili ataelewa ni safari ya namna gani hiyo. Alirudi na kipande cha nyama ya ng'ombe iliyokaushwa na mtungi wa asali, akaviweka mbele yangu, akasema, "Kula, na usiniulize alisema nini." Sikumwuliza kamwe.

Saa zile alizokuwa safarini, kituoni nilikwenda mimi. Nilijifunga shali mbili nikaanza kuchota maji ya beseni na kuyamimina juu, kama nilivyomwona akifanya. Aliponikuta huko alininyang'anya ndoo.

"Wewe na tumbo lako! Unataka kuzaa kwenye trei?"

"Basi nipe kazi nyingine. Sirudi nyumbani."

Akanitazama kwa upande, kisha akachukua kibanio chembamba cha chuma ukutani akanipa. "Toa meupe. Moja moja. Ukiliacha moja linaota ukungu, na ukungu unawashika majirani zake. Na ukiligusa zima kwa bahati mbaya, uniambie, usinifiche."

Niligusa mazima mawili siku hiyo. Nilimwambia. Alinitukana mara mbili na kwa haki. Lakini siku ya tatu mkono wangu ulikuwa umetulia, na siku ya sita alipita nyuma yangu, akasimama kidogo, akaenda zake bila kusema kitu. Nikajua nimesifiwa.

Ni Avetis aliyefuata. Alikuja asubuhi na mkewe Perchuhi na ndoo nne, akasimama mlangoni.

"Nyama yako ngumu, dada," akasema. "Haishuki."

"Ina haya kuliko wewe."

"Ndiyo hivyo. Nionyeshe hizo ngazi ziko wapi."

"Ndoo isijae mpaka juu, maji yatamwagika na ngazi zitaganda. Na usipige mlango, mayai hayapendi kishindo."

"Je, kupumua yanaruhusu?"

"Kidogo."

Perchuhi akacheka, naye Varsenik akacheka, na hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu umeme ukatike.

Baada ya hapo habari zilifanya kazi yake. Wanawake walipokusanyika kuoka mkate kwenye tanuri moja, ili kuokoa kuni, mazungumzo yote yakawa ya mayai. "Mwenzangu, wewe umepandisha ngapi?" "Ishirini." "Ishirini na mgongo wako ule? Labda vikombe." Mtu ambaye hajapandisha hata ndoo moja alianza kuona haya kukaa karibu na moto. Mwalimu wa hesabu, Hrant, ambaye shule yake ilikuwa imefungwa kwa baridi, aliandika zamu kwenye karatasi akaibandika kwenye mlango wa duka lisilokuwa na kitu. Kufikia mwisho wa Desemba nyumba kumi na tisa zilikuwa kwenye zamu. Hakuna aliyelipwa, na hakuna aliyepewa samaki. Varsenik hakuwashukuru hata siku moja. Aliwafokea wote kwa usawa, na nadhani walipenda hivyo. Ilikuwa baridi ya kungoja tu, watu walikuwa wamechoka kungoja, na hapa palikuwa na kazi yenye mwisho.

Tarehe mbili Januari nilikuwa nimeinama juu ya trei ya nne, mwanga wa jua umeingia dirishani. Nikaona vidoa. Nikadhani ni macho yangu mimi yamechoka. Nikafikicha, nikatazama tena. Viwili viwili, vyeusi, ndani ya kila yai.

"Mama!" nikaita. "Mama, yananitazama!"

Varsenik alikuja mbio na ndoo mkononi. Aliinama juu ya trei, akakaa hapo. Kisha akatoka nje, akasimama juu ya mteremko ambapo watu wa zamu walikuwa kwenye ngazi, akapaza sauti ambayo nadhani ilisikika ng'ambo ya ziwa:

"Yana macho!"

Avetis akavua kofia akairusha juu. Ilianguka kwenye chemchemi, na Varsenik akamfokea kwa kuchafua maji.

Sasa mayai yangeweza kusafiri. Lakini chini kwenye chemchemi hapakuwa na kitu cha kuyawekea. Zilihitajika mbao za kujengea mfereji wenye paa, na mbao wakati huo zilikuwa kama nyama. Mtu aliyekuwa na ubao alikuwa na siku moja ya moto. Varsenik hakuomba. Alisema tu mbele ya watu, kwa sauti ya kawaida, urefu unaotakiwa.

Kesho yake Avetis alikuja na mlango wa zizi lake mgongoni.

"Na ng'ombe wako?" Varsenik akamwuliza.

"Nimemtundikia zulia. Anajiona mke wa waziri."

Perchuhi akaja na kifuniko cha sanduku lake la harusi. Wengine wakaleta rafu, meza ya kukatia nyama, mbao za mzinga wa nyuki. Mwalimu Hrant akaleta ubao wa darasa, na bado ulikuwa na pembetatu ya chaki isiyomalizika. Ubao huo ndio ulikuwa paa. Kwa siku mbili wanaume waligonga misumari iliyonyooshwa kwa nyundo, na tarehe sita, siku yetu ya Kuzaliwa kwa Bwana, watu walitoka kanisani wakaja moja kwa moja kituoni na nguo zao nzuri.

Walijipanga kwenye ngazi zote sitini, mtu na mtu, majivu yamemwagwa juu ya barafu. Trei zilitoka jengoni zimefunikwa kwa sufu iliyoloweshwa, zikashuka mkono kwa mkono. Varsenik alikuwa chini akizipokea na kuziweka majini, huku akipiga kelele, "Sawasawa! Usiiinamishe! Hrant, hiyo siyo daftari!" Katikati ya kazi Perchuhi aliteleza. Alianguka chali kabisa, viatu juu, na mikono yake yote miwili ikabaki hewani imeshika trei, imelala sawa kama meza. Hakuna yai lililotoka. Walimnyanyua akiwa bado ameishika hivyohivyo, akaipitisha kwa mwenzake, ndipo akaanza kulia kwa maumivu ya kiuno. Mpaka leo ana kiuno kibaya, na ukimwuliza kilipatwa na nini atakueleza kwa kirefu, na kwa furaha.

Vifaranga vilitoka mwisho wa Januari, vyembamba kama sindano, kila kimoja na kifuko cha chakula tumboni. Mwezi wa Aprili nilijifungua msichana, Zaruhi, kilo tatu na nusu, na Varsenik alimpokea yeye mwenyewe kwa sababu gari la kwenda mjini halikuwepo. Alisema nilikuwa mwepesi kuliko jike yeyote aliyewahi kumkamua. Sijui kama ni sifa.

Mwezi wa Mei, wakati wa kuvipeleka vifaranga mtoni, Mushegh alitokea. Alikuwa amekonda, na alisimama mbali kidogo. Tulikuwa tunavihesabu kwa kikombe, na hesabu ilifika elfu thelathini na moja.

"Umekuja na muhuri?" Varsenik akamwuliza.

"Wa nini?"

"Kuna ripoti inasema hawa wamekufa. Andika nyingine."

"Dada Varsenik, ile ilishapokelewa. Siwezi kuifuta."

"Sikusema ufute. Sema ulikosea."

Watu wote walikuwa wanamtazama. Mushegh akatoa daftari mfukoni, akaandika akiwa amesimama, daftari juu ya kiganja. Kisha, na hili lazima niliseme kwa haki yake, akavua koti na viatu, akaingia mtoni akabeba ndoo na sisi mpaka jioni.

Tulifungua ndoo polepole, mdomo wake ukiwa ndani ya maji. Vifaranga vilikaa kidogo, kisha vikageuza vichwa kuelekea ziwani, vikatuacha. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilimtazama mama mkwe wangu nikaona anajifuta uso kwa mkono wenye maji, kwa hiyo sikujua kilichomlowesha.

Samaki huyu huchukua miaka minne, mitano, kukomaa. Kati ya hapo watu walivua sana ziwani, na wengi kati yetu tuliamini vile vyetu vimeshaliwa. Varsenik alisema, "Subirini." Vuli ya tisini na saba, mtu alipiga hodi kwetu asubuhi. Alikuwa Avetis, anahema.

"Darajani," akasema. "Dada, njoo darajani."

Nusu ya kijiji ilikuwa imeegemea ukingo wa daraja. Chini, kwenye maji ya mto wetu, walikuwa wanapanda, migongo imetoka nje ya maji kwenye sehemu zenye kina kifupi, madume wekundu ubavuni kwa ajili ya harusi yao. Si mamia. Nilihesabu hamsini na nane nikaacha. Lakini kwa miaka mingi kabla ya hapo tulikuwa tukihesabu kwa vidole. Hakuna aliyekwenda kuchukua wavu. Mzee mmoja alisema wanaonekana watamu, akatazamwa na watu wote mpaka akasema alikuwa anatania.

Varsenik alivaa buti zake ndefu akashuka mtoni na bakuli. Akanyanyua jike mmoja kwa mikono miwili, akamtazama, akamgeuza juani. Kisha akaniita mimi. Nilishuka na sketi yangu kama nilivyokuwa.

"Mshike," akasema. "Huyu ni wa mwaka wako."

Nikamshika. Alikuwa mzito, mwenye nguvu, wa baridi, na moyo wake ulikuwa unapiga kwenye kiganja changu. Nilimkamua kwa kidole gumba, kwa mara ya kwanza, juu ya bakuli alilonishikia Varsenik, na mayai yakatoka kwa mkondo mmoja bila kukatika.

Varsenik alistaafu mwaka 2012, akiwa na miaka sabini na mmoja, na kazi yake ninayo mimi. Alifariki miaka sita baadaye, nyumbani, baada ya kumgombeza daktari. Watu waliofuata jeneza lake walijaa barabara kutoka kanisani mpaka makaburini, na njiani walibishana kwa sauti za chini. Mmoja alisema mfereji ulishikiliwa hasa na mlango wa Avetis. Mwingine akasema bila mbao za mzinga wake ungebomoka siku ya kwanza. Ukiwasikiliza wote, siku ile kwenye ngazi sitini walisimama watu mia tano, pamoja na wale waliokuwa hawajazaliwa. Hata mume wangu Gegham, aliyekuwa Urusi akipiga lipu, siku hizi huwaambia wageni, "Tulipokuwa tunashusha zile trei..."

Namwacha aseme.